Uhuru wa kusema mashariki mwa Congo: ni nani anayechora mpaka?

Tarehe 13 Februari 2025, M23 ikiwa imeshika Goma kwa wiki mbili na siku chache, mwanamuziki Delphin Katembo Vinywasiki alipigwa risasi katika mji huo na kufa. Jina hilo refu wengi hawalijui. Wanalolijua, kuanzia Beni na Butembo mpaka Goma, ni Delcat Idengo. Alikuwa ametoka katika gereza kuu la Munzenze siku ile wafungwa walitoroka kwa wingi, waasi wakiingia mjini. Muda mfupi mbele ya kuuawa alikuwa ametoa wimbo wa kuwapinga hao walioshika mji.

Sasa tujiulize: nani alikuwa amemweka Munzenze? Si M23. Ni serikali. Mwaka 2021 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha miaka 10 juu ya nyimbo zake, ambazo zilisema mambo ambayo kila mama wa soko Beni alikuwa akiyasema: kwamba watu wanachinjwa, jeshi liko pale, MONUSCO iko pale, na hakuna kinachobadilika. Mwenzake Muyisa Nzanzu Makasi alihukumiwa naye. Tangu hapo Idengo aliingia na kutoka gerezani.

Mtu anaweza kupenda nyimbo hizo ao kutozipenda. Lakini historia ya mtu huyu inaonyesha tatizo letu vizuri kuliko hotuba nyingi. Upande mmoja alifungwa kama adui wa serikali. Upande wa pili ulipochukua mji, hakufikisha hata wiki tatu. Pande hizo mbili hazikubaliani hata juu ya jina la vita hivi, lakini raia anayesema bila kuomba ruhusa zinamwangalia kwa jicho moja.

Katiba inasema "kujulisha", ofisi inasikia "kuomba"

Tuanze na sheria, maana mingi inaharibikia hapo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 23, inampa kila mtu haki ya kutoa maoni yake, kwa mdomo, kwa maandishi ao kwa picha, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na adabu. Kifungu cha 25 kinalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 26 kinahusu maandamano, na hapo kuna neno moja la kulisoma polepole: anayetaka kuandamana katika njia ao uwanja wa umma anapaswa *kuijulisha* kwa maandishi mamlaka inayohusika. Haikuandikwa kwamba aombe ruhusa.

Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Ukinijulisha kwamba kesho utapita mbele ya nyumba yangu, kazi yangu ni kufungua njia na kuzuia ajali. Ukiniomba ruhusa, naweza kukataa, naweza kunyamaza, naweza kukuambia urudi wiki ijayo. Katika miji yetu barua ya kujulisha inapokelewa kama barua ya kuomba. Mara nyingi jibu linakuja usiku wa mwisho, ao halifiki kabisa, na asubuhi polisi iko kwenye mzunguko wa barabara ikisema maandamano "hayakuruhusiwa". Hata waandishi wa habari, na sisi tumo, tunaandika "maandamano yasiyoruhusiwa" kana kwamba Katiba inasema hivyo. Haisemi.

Matokeo ya kuchanganya maneno hayo tuliyaona Goma tarehe 30 Agosti 2023. Kundi la kidini lililojulikana kama Wazalendo lilitangaza maandamano ya kuipinga MONUSCO na majeshi mengine ya kigeni. Meya akakataza. Alfajiri, wengi hawajatoka bado, askari wa Garde Républicaine walifika kwa redio ya kundi hilo na mahali pao pa kuabudu. Serikali ilianza kutaja wafu 43. Hesabu ikapanda, ikapita 50. Mwezi wa Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu Kanali Mike Mikombe adhabu ya kifo, na gavana wa kijeshi Constant Ndima alikuwa amekwisha kuitwa Kinshasa.

Haki ilitendeka kwa sehemu, na tuseme hivyo, maana si kila siku kanali anasimama mbele ya waamuzi kwa ajili ya raia wa kawaida. Lakini kesi ile ilimuuliza mwenye bunduki peke yake. Swali la kwanza lilibaki nje ya chumba: kwa nini maandamano yalikatazwa kabisa, badala ya kuongozwa, kupangiwa njia, kuwekewa saa? Maneno ya kundi lile juu ya wageni yalikuwa makali, na mji ulikuwa bado unakumbuka Julai 2022, wakati maandamano dhidi ya MONUSCO Goma, Butembo na Uvira yaligeuka kuwa uporaji na kuua watu zaidi ya 30, walinda amani wakiwa kati yao. Hofu ya meya haikutoka hewani. Ila hofu hiyo ilikuwa sababu ya kupanga vizuri. Haikuwa sababu ya kufunga kila mlango, kisha kuwaachia askari wenye silaha za vita kazi ya polisi.

Watoto wa Beni walisema, wakajibiwa kwa état de siège

Kuna kisa kingine kinachosahaulika haraka. Mwezi wa Aprili 2021, wanafunzi wa Beni waliacha masomo wakaenda kuketi katika uwanja wa ofisi ya meya. Walilala pale. Ombi lao lilikuwa rahisi hata kwa mtoto: Rais aje aone namna watu wanauawa, amani irudi. Hawakuvunja duka la mtu. Mwishoni mwa mwezi polisi iliwatawanya.

Siku chache kisha, tarehe 3 Mei 2021, Rais Tshisekedi alisaini amri ya kuweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, ile inayoitwa na wote état de siège. Ilianza kufanya kazi tarehe 6 Mei. Wengi waliipokea kwa furaha, na tusijifanye leo kwamba kila mtu aliipinga. Watu walichoka kuzika. Walitaka mtu mwenye nguvu afanye kitu.

Lakini amri hiyo ilikuwa na vipengele ambavyo siku ile havikusomwa kwa sauti. Iliwapa wakuu wa kijeshi uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku, na wa kukataza machapisho na mikutano watakayoona inaweza kuchochea fujo. Kazi ya mahakama za kiraia katika kesi za jinai ilihamishiwa kwa mahakama za kijeshi. Katiba, katika kifungu cha 156, inakubali jambo hilo wakati wa vita ao wa état de siège. Na kifungu cha 61, kinachotaja haki zisizoweza kuguswa hata katika hali hiyo, kinataja uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea, uhuru wa mawazo na dini. Uhuru wa *kusema* mawazo hayo haumo katika orodha. Kuwaza utawaza, hakuna atakayekugusa. Ni kutamka ndiko kunakoleta hatari.

Novemba 2021, wanaharakati wa LUCHA walitoka Beni kupinga kurefushwa kwa hali hiyo. Walikamatwa. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifungo cha miezi 12. Ni muhimu kukumbuka LUCHA ni nini: vuguvugu lililozaliwa Goma mwaka 2012, la vijana wanaodai maji ya bomba, barabara na kazi, ambao kanuni yao ya kwanza ni kutotumia nguvu. Na kile walichokipinga siku ile, mauaji kuendelea chini ya utawala wa kijeshi, kilikuwa jambo ambalo wabunge kutoka Kivu Kaskazini na Ituri walilisema pia, Kinshasa, ndani ya ukumbi wenye viti na maikro. Mbunge ana kinga. Kijana wa Beni ana mabango ya karatoni.

Oktoba 2023, kisha meza ya duara iliyoitishwa Kinshasa, Rais alitangaza kwamba masharti yatalegezwa hatua kwa hatua. Kisha vita vikasonga mbele haraka kuliko hatua hizo.

Habari ya kwanza mara nyingi inafanana na uongo

Tuje sasa kwa jambo linalomgusa hata yule ambaye hajawahi kubeba bango: telefone.

Chukua mfano. Mama mmoja anauza samaki sokoni. Saa kumi na moja asubuhi dada yake anamwita kutoka kijiji kilicho upande wa Mambasa ao Lubero: "Wameingia, tunakimbia." Mama anarekodi sauti, anaituma katika kundi la WhatsApp la ukoo na la wauzaji wenzake: msipande ile njia leo. Saa nne sauti hiyo imekwisha kuzunguka mji mzima. Mkuu wa eneo hajapata ripoti. Msemaji wa jeshi hajasema kitu. Kwa wakati ule, mbele ya macho ya sheria, mama huyo ametangaza nini: habari ao uvumi?

Kitabu cha sheria ya adhabu, katika vifungu vya 199 bis na 199 ter, kinaadhibu kueneza uvumi wa uongo unaoweza kutia watu hofu. Anayekusudia kuleta fujo katika nchi anapata adhabu kubwa zaidi, lakini hata asiyekuwa na nia hiyo anaweza kuguswa. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo kifungu chake cha 360 kinaadhibu anayeanzisha *ao kurusha tena* habari ya uongo juu ya mtu kupitia mitandao: kifungo cha mwezi mmoja mpaka miezi sita, ao faini ya faranga 500 000 mpaka 1 000 000. Kurusha tena! Nani kati yetu mwenye mega kwenye telefone hajawahi kurusha tena kitu bila kukihakikisha?

Kuna pia amri ya tarehe 16 Desemba 1963 inayoadhibu kumkosea heshima mkuu wa nchi, miezi sita mpaka miaka mitatu. Imepita Kasa-Vubu, Mobutu, Kabila baba, Kabila mwana, na leo bado iko. Kila mpinzani anailaumu akiwa nje ya madaraka. Akiingia, anaikuta ni chombo kizuri, anakiweka kabatini karibu na mkono.

Hatusemi kwamba uongo hauui. Beni na Butembo tunalijua hilo kuliko wengi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, watu zaidi ya 2 200 walikufa, na sehemu ya vifo hivyo ilitokana na watu kukimbia vituo vya matibabu kwa sababu waliambiwa kwamba ugonjwa ni biashara, ao kwamba sindano ndiyo inaua. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo, akiwa katika mkutano wa kazi.

Lakini angalia uvumi ule ulipata nguvu wapi. Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliondoa Beni, Butembo na Yumbi katika kura ya rais. Kwa Beni na Butembo sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi, shule zilikuwa wazi, ila chumba cha kupigia kura kilifungwa. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe ya kuigiza, kwa masanduku na karatasi walizotengeneza, waonyeshe kwamba inawezekana. Hakuna aliyezihesabu kura hizo Kinshasa. Kuanzia hapo, kumwambia mtu wa Beni kwamba Ebola si mambo ya siasa ilikuwa kazi ngumu kweli. Uvumi haukutoka kwa watu kusema kupita kiasi. Ulitoka kwa watu walionyang'anywa njia yao ya kusema, na ambao tangu hapo hawakuamini tena kinywa chochote cha serikali, hata kilipokuwa kinasema ukweli. Timu za Ebola zilianza kupata nafasi zilipowachukua vijana wa mtaa, wachungaji na wamama waliopona, zikawaachia maneno.

Turudi kwa mama wa samaki. Katika vita hivi vyetu, mtu wa kawaida ndiye anayejua kwanza. MONUSCO yenyewe ilijenga mitandao ya kutoa tahadhari kwa msingi huo: mtu kijijini, namba ya simu, ripoti kabla ya shambulio. Kivu Kusini iliondoka Juni 2024, na namba hizo hazina anayezipokea kama zamani. Kilichobaki ni ukoo na WhatsApp. Mkimtisha mama yule kwa kifungu cha 199, hatarekodi tena. Na wale waliopanda njia ile asubuhi hawatapata taarifa.

"Msaliti" wa nani?

Tangu mwaka 2022, M23 ilipochukua Bunagana, na zaidi tangu Januari na Februari 2025, Goma kisha Bukavu zilipoanguka, mambo yamekuwa magumu zaidi, maana mpaka wa kusema sasa unabadilika kila unapopita bariere.

Upande wa serikali, tarehe 7 Januari 2025, Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, aliandika kwenye mtandao kwamba atakayerusha shughuli za jeshi la Rwanda na za M23 atapata ukali wa sheria, mpaka adhabu ya kifo. Adhabu hiyo haikuwa neno tupu: mwaka mmoja nyuma, Machi 2024, serikali ilikuwa imeondoa kizuizi kilichozuia kunyonga watu kwa zaidi ya miaka 20. Siku zile zile CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilifunga Al Jazeera kwa siku 90 kwa sababu ya mahojiano na kiongozi wa M23. Juni 2025 likakataza vyombo kuzungumzia Joseph Kabila na chama chake, naye alikuwa Goma, na kila mtu mjini alimwona.

Upande wa waasi hakuna hata karatasi ya kukataza ambayo mtu angeweza kuipinga mahakamani, maana mahakama yenyewe hakuna. Redio zimebadilisha maneno. Nyingine zilinyang'anywa vifaa, nyingine zilinyamaza zenyewe. Mwandishi anayekaa Goma akiandika "waasi" ana hatari nyumbani. Akiandika "mamlaka" ana hatari siku atakayofika Kinshasa ao Beni. Wengine wanaandika "wanaoongoza mji kwa sasa". Ni maneno ya mtu anayetembea juu ya mayai.

Na raia? Dereva wa motari, mwalimu, muuguzi, mkuu wa nyumba kumi: wote wanaishi chini ya anayeshika bunduki siku hiyo. Wanaitwa mkutanoni, wanaenda. Wanapigwa picha, wanapigwa. Kesho mtu wa ng'ambo anaona picha, anaandika chini yake: "Wasaliti hawa." Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa Brussels ao Kinshasa, mbali na bariere. Hapa watu wamejifunza kufuta ujumbe kabla ya kusafiri: za kundi la mtaa, za Wazalendo, za M23, hata vichekesho. Wengine wana telefone mbili, moja ya kuonyesha.

Vita vina siri zake, hilo halina ubishi. Kutangaza kwamba batayo fulani iko kwenye kilima fulani ni kuua askari wa watu. Nchi yoyote itakataza. Lakini kusema kwamba askari hawajalipwa, kwamba walikimbia, kwamba kamanda ameuza mafuta, hakumwambii adui kitu ambacho hakijui. Kunamwambia Mkongomani. Tofauti hiyo ndiyo inayofichwa kila mara neno "usalama" linapotajwa bila maelezo.

Mpaka wa kweli uko, ila hautumiki

Pengine msomaji atasema: basi mnataka kila mtu aseme kila kitu? Hapana. Mpaka uko, na sisi wa mashariki tunapaswa kuujua kuliko wote. Kutoka Goma, ng'ambo ya bariere ni Gisenyi. Mwaka 1994 redio RTLM ilikuwa inasikika, na watu waliona kile ambacho redio inaweza kufanya pale inapomgeuza jirani kuwa mdudu. Mahakama ya Arusha iliwahukumu wakuu wa redio hiyo na mwenye gazeti la Kangura Desemba 2003, kwa maneno yao.

Congo nayo ina sheria. Ni amri ya tarehe 7 Juni 1966 ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, mzee kwa miaka karibu sawa na ile ya kumlinda mkuu wa nchi. Zilinganishe: ile ya 1963 inamlinda mtu mmoja mwenye walinzi. Ile ya 1966 inamlinda mtu yeyote mwenye pua, jina ao lugha isiyopendwa. Ni ipi unayoisikia kila mara mahakamani?

Agosti 1998, vita vilipoanza, Abdoulaye Yerodia, mtu wa karibu wa Rais Laurent-Désiré Kabila, aliwaita Watutsi wadudu wa kuangamizwa. Ubelgiji ilitoa waranti ya kumkamata mwaka 2000, wakati akiwa waziri wa mambo ya nje. Congo ikaenda mahakama ya La Haye, ikashinda Februari 2002: waziri ana kinga. Mwaka 2003 Yerodia akawa mmoja wa makamu wanne wa rais. Hiyo ndiyo adhabu aliyopata nyumbani.

Desemba 2021, Lweba, katika territoire ya Fizi, Meja Joseph Kaminzobe, Mnyamulenge, afisa wa FARDC, akiwa amevaa sare ya nchi hii hii, alitolewa ndani ya gari na umati, akauawa, mwili ukachomwa. Kulikuwa na video, na ilizunguka. Waliotenda walikuwa raia wa kawaida, na hapo inabidi tuwe wakweli na nafsi zetu: "sauti ya wananchi" si takatifu kwa sababu tu ni ya wananchi. Waliorekodi, waliocheka, waliorusha tena walikuwa na telefone sawa na ile ya mama wa samaki.

Kwa hiyo kipimo hakiwezi kuwa "je, maneno haya yanawaudhi wakubwa?" Kipimo ni kile ambacho mikataba ambayo nchi yetu imesaini tangu 1976 inakielekeza: nani anasema, ana nguvu gani juu ya wanaomsikia, anakusudia nini, na je, kuna mtu ambaye kesho atapigwa kwa sababu ya maneno hayo? Kwa kipimo hicho, wimbo unaosema Rais ameshindwa hauna kesi. Sauti ya WhatsApp inayosema njia si salama haina kesi, hata kama baadaye inaonekana haikuwa hivyo. Hotuba ya waziri ao mbunge inayowaambia watu kwamba jirani zao si watu ina kesi, tena nzito, kwa sababu yeye wanamsikia wengi.

Kinachofanyika ni kinyume chake. Mdogo anafungwa kwa sababu ya kumtaja mkubwa. Mkubwa anamtaja mdogo apigwe, na anaalikwa kwenye televisheni wiki inayofuata.

Karatasi mbili

Kuna mambo ambayo hayangoji mazungumzo ya Doha wala Washington. Yanaweza kufanyika Beni, Butembo, Bunia, leo. Ofisi ya meya inaweza kumpa kila anayeleta barua ya kujulisha maandamano karatasi ya kuonyesha kwamba imepokelewa, yenye tarehe na saa, na ikiwa kuna katazo, liandikwe sababu yake, ili avoka awe na kitu cha kupeleka mbele ya mwamuzi. Bila karatasi hiyo, kila kitu kinabaki neno la meya dhidi ya neno la kijana, na tunajua lipi linaaminiwa.

Karatasi ya pili ni ile anayosainishwa mtu akikamatwa. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, katika lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia yake ao avoka wake, na asizuiliwe zaidi ya masaa 48 kabla ya kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Lugha anayoielewa. Mahojiano yanaendeshwa kwa Kiswahili, kidogo Lingala. Karatasi inaandikwa kwa Kifaransa. Kisha mama wa soko, ao kijana wa motari aliyeishia darasa la sita, anaambiwa: weka sahihi hapa, urudi nyumbani. Anaweka. Siku ya kesi anasomewa kwamba alikubali kueneza uvumi kwa nia ya kuvuruga utulivu wa umma.

Ana haki ya kukataa kusaini mpaka isomwe kwa Kiswahili, yote, mstari kwa mstari, na ya kuomba kiandikwe kwamba amekataa na kwa nini. Anayemsaili anaijua haki hiyo.